Kanjo Bado Anaangalia Lango

Mama,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi nimekuacha nyumbani Dandora ukipima begi kwa mizani ya kuazima, unatoa sweta, unairudisha, na shangazi yako Rasoa amekaa kitandani akikueleza baridi ya Ujerumani kana kwamba amewahi kufika huko. Hali yangu pia unaijua. Niko kazini huku nyuma ya Komarock, kwenye makao haya ya punda na farasi wazee, nimekaa juu ya robota la nyasi kavu ndani ya stoo, mlango uko wazi, na kutoka hapa namwona Kanjo. Bado hajala.

Nakuandikia mchana huu kwa sababu nikifika nyumbani jioni sitaweza kusema. Unanijua. Tutakaa mezani, nitakuuliza pasipoti iko wapi, utaniambia iko kwenye mkoba, baada ya kijiko kimoja cha mboga nitakuuliza tena, kisha tutalala. Na shangazi yako, ambaye hajawahi kulala na siri hata usiku mmoja, ameniambia ulivyopanga. Gari likija kesho alfajiri utatoka polepole bila kuniamsha, halafu utanipigia simu ukishafika uwanja wa ndege. Umemwambia hutaki kuniona nikilia. Sikukasirika. Tangu uzaliwe nimekuita Mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na siku nikikasirika ndipo nakuita Nekesa. Angalia mwenyewe nimekuitaje hapo juu.

Mambo ya soksi mbili na kutafuta kanisa nimemwachia shangazi. Mimi nataka kukujibu lile neno uliloniambia wiki iliyopita pale langoni. Ulilisema mara moja tu, hukupandisha sauti, ukaenda kuosha ndoo. Nilijifanya natafuta koleo, na koleo nilikuwa nimelishika mkononi.

Shosho na Kanjo umekua nao kama ndugu, maana ndugu wengine sikukupa. Kabla hawajawa wastaafu wa hapa walikuwa wangu, wakivuta mkokoteni wa maji Dandora zile siku mifereji ilikuwa inakauka kila mara. Kanjo nilimpa jina la askari wa jiji kwa sababu alikuwa akisimama katikati ya barabara na hasogei mpaka apewe kitu kidogo. Shosho alikuwa na uso wa bibi kizee hata alipokuwa msichana. Ulienda shule umekaa juu ya mitungi, ukiimba, mpaka ulipofika darasa la sita ukaanza kuona haya. Ukawa unaniambia nikushushe kona moja kabla ya geti ili wenzako wasione. Nilikushusha. Shosho ndiye aliyekuwa anageuza shingo kukuangalia mpaka uingie.

Lile kovu la mgongoni kwake, pale ambapo manyoya hayakuota tena, ni kazi yangu. Mshipi wa ngozi ulinishinda kununua, nikamfunga kwa kamba ya nailoni. Kidonda kilipoanza nilikipaka oili chafu ya gari kama walivyofanya watu wote wa mikokoteni, nikaendelea kumfunga papo hapo. Hakulia wala hakupiga teke, akavuta. Nami nikaamini kabisa kwamba hasikii uchungu. Miaka mingi baadaye Daktari Mumbua, ambaye ndiye anatibu wanyama wa hapa, akanieleza kwamba punda huficha maumivu. Atasimama vilevile, masikio vilevile, na siku utakayoona amekataa chakula ujue amekuwa akiumia muda mrefu. Siku hiyo nilienda nikamshika Shosho pale penye kovu, na yeye akanitafuta mfukoni kama nina karoti.

Basi huko unakokwenda kutunza wazee wa watu utawakuta wa namna hiyo. Kutakuwa na mmoja anayelalamika kuanzia asubuhi, chai ni baridi, mto ni mgumu, na kila mtu atamkimbilia. Na kutakuwa na mwingine amekaa dirishani, hasumbui, mnamsifu kwa sababu hasumbui. Mama, huyo wa dirishani mwangalie mara mbili. Angalia kama sahani imerudi na kitu. Nilivutwa na mnyama mgonjwa kutoka Dandora mpaka Kayole nikipiga mluzi, kwa hiyo nakwambia jambo ninalolijua.

Walipozeeka, na mgongo wangu nao ukaanza kukataa mitungi, watu wa hapa waliwachukua. Kanjo akakataa kushikwa na mtu mwingine yeyote, akamng'ata mmoja, akamkanyaga mwingine, ikabidi wanichukue na mimi. Wewe hucheka ukisema nilipata kazi kwa barua ya punda. Ni kweli, na sijawahi kupata kazi nzuri kuliko hii. Kuloweka nyasi za wasio na meno, kuwapangusa macho nzi wasizae humo, kuwafunika magunia Julai, kumzungukia Chifu, yule farasi aliyekuwa anabeba watoto wa watu siku za sikukuu, nikiongea kwa sauti kabla sijamfikia kwa sababu jicho la kushoto halioni. Sikufikiri naweza kuwa mpole. Nimejifunza nikiwa mzee, kwa wazee.

Sasa nifike kwa Shosho. Unajua alivyoisha meno. Alikuwa akitafuna nyasi, zinazunguka mdomoni, halafu anaziangusha chini zikiwa vidonge vilivyotafunwa nusu, na Kanjo anaviokota anavila yeye. Kwa hiyo usiku nilikuwa namtenga chumba cha pembeni na uji wake wa pumba na molasi, ale taratibu bila kuporwa. Asubuhi ile nilimkuta amelala kwa ubavu, uji umebaki nusu, na amekwisha poa.

Utaratibu wa hapa naujua. Punda akifa, mwenzake huletwa akaachwa naye. Humnusa, humgusa kwa mdomo, wengine humkwaruza kwa kwato kana kwamba wanamwambia aamke. Hakuna anayewaharakisha. Kisha wakati wake ukifika yule mzima hugeuka mwenyewe akaondoka, na mara nyingi jioni hiyo hiyo hula. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, nimesimama kando na kofia mkononi. Mimi ndiye ninayewaelezea wageni utaratibu huo.

Lakini kabla sijampigia daktari simu, vijana wawili walikuwa wamesimama langoni. Sijui harufu ya kifo huwafikiaje. Mmoja akaniambia kwa adabu, "Mzee, hiyo punda imekufa, si mtuachie tuwasaidie kuitupa?" Wewe unajua na mimi najua anakotupwa punda anayesaidiwa hivyo. Kabla ya jua kutua angekuwa amekatwakatwa na kupewa jina la ng'ombe. Niliwaza Shosho akiwa juu ya mizani ya mtu na nikaishiwa na akili. Nikamwita Otieno wa lango, tukampakia kwenye mkokoteni, tukamfunika turubai, tukatoka naye hadi kwenye kile kipande cha shamba cha upande wa mto, tukachimba na kufukia na kupanga mawe juu. Nilifanya haraka nikijisifu moyoni kwamba nimemwokoa.

Kanjo alikuwa zizi la nyuma. Alisikia lango likifunguliwa na kufungwa, basi. Nilipomfungulia aliifuata harufu kutoka chumba cha pembeni mpaka langoni, akasimama hapo, masikio mbele. Ndipo ulipofika na mkate wako wa kunigawia, ukamkuta, ukauliza Shosho yuko wapi, nikakuambia. Ukaniuliza kama Kanjo alimwona. Nikasema hapana, kulikuwa na vijana, nilikuwa na haraka. Ukamshika shingo, ukasema:

"Baba, umemfanyia Kanjo vile ulinifanyia mimi."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo, na sina mahali pa kulitua.

Ulikuwa darasa la nane na mtihani ulikuwa umekaribia. Mama yako alitoka nyumbani kwa miguu yake, leso mabegani na kandambili miguuni, akasema anaenda hospitali kuonyesha kifua na atarudi kukukandia chapati. Hakurudi. Wazee wa ukoo wakakaa, na mimi nikakaa nao, tukasema mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani, ataanguka, maisha yake yataharibika. Kila mtu alisema ni busara. Mitaa yetu imejaa watoto waliofichwa hivyo. Nikakuacha kwa jirani, Mama Brayo, nikakuambia tunampeleka mama yako kwa daktari mkubwa wa magharibi. Hilo la magharibi halikuwa uongo. Tulimpeleka Bungoma tukamzika, na watu wakapita mmoja mmoja wakamtazama usoni, hata watu waliomjua kwa jina tu. Wewe ulikuwa Nairobi unachora duara kwenye majibu.

Uliwahi kunieleza siku moja, ukiwa mkubwa, kwamba ulihisi. Mama Brayo alikuwa anakupa mayai mawili, mwalimu mkali aliacha kukukemea, na mwenye duka akakataa kupokea pesa ya biro. Mtaa mzima ulikuwa unakuonea huruma na hakuna aliyekuambia huruma hiyo ni ya nini. Na ulipomaliza karatasi ya mwisho nilikuja nikakutoa geti la shule, mimi na Shosho na Kanjo, nikakuambia tukiwa njiani, nikiwa nimekupa mgongo kwa sababu nilikuwa nimeshika kamba. Ulipita mtihani vizuri sana. Watu walinipongeza, wakasema mzee uliamua vizuri, na mimi nikaitikia.

Hawakukuona jioni. Jua likianza kushuka ulikuwa unakaa kwenye ngazi ya nje, umeangalia ile njia aliyoiendea, na sufuria ya unga uko nayo karibu. Nilikupeleka Bungoma Desemba nikakuonyesha kaburi. Ulilitazama kama mtu anayeonyeshwa shamba la jirani. Tuliporudi Dandora ulirudi kwenye ngazi. Sikujua la kukufanyia, nikaamua kukuondoa pale, mara njoo unisaidie kufunga punda, mara kalete chumvi. Nilifikiri nikikuzuia kuangalia njia utaacha kungoja. Ulikaa hivyo mpaka ukamaliza kidato cha kwanza, na mpaka leo, Mama, ukisikia hatua za mtu mwenye kandambili huwa unageuka. Nimekuona ukigeuka hata mwezi uliopita pale sokoni.

Nilifikiri nakuepushia kitu. Nilikuepushia kumwona, kifo chenyewe kikabaki palepale. Nilikuwa nimeogopa, na woga wangu nikauita mtihani wako. Hayo ndiyo majibu yangu, na najua hayatoshi, na hata kama ningekuwa na mengine singeweza kukurudishia siku ile hata saa moja yake.

Kwa Kanjo angalau nilifikiri naweza kurekebisha. Nilimpeleka kule kwenye mawe. Alitembea vizuri, akanusa mawe, akanusa nyasi za pembeni, halafu akageuka akaniangalia, tukarudi, na tulipoingia akasimama ndani ya lango kama mwanzo. Nikamwuliza daktari kama tunaweza kufukua. Aliniangalia kwa upole akasema, "Mzee, kilichoko huko chini si Shosho anayemtafuta." Nikaenda nikaleta lile gunia lililokuwa la kumfunika Shosho, nikalitandika mbele yake. Ameliwekea pua tangu juzi. Nimempikia uji, nimemkatia karoti nyembamba, nimemletea majani ya mahindi mabichi ambayo zamani angevunja ukuta kuyafuata. Hata karatasi hii nimemnyooshea, amenusa akaiacha, yeye aliyekula ripoti yako ya darasa la tano na tukaenda kuomba nyingine kwa mwalimu mkuu bila mtu kutuamini.

Daktari anasema punda asipokula, mafuta ya mwili wake humwingia kwenye damu, na hapo mambo huenda mbio. Anamnywesha kwa mpira, anamdunga. Ameniambia pia, bila kunificha, kwamba wengine hurudi na wengine hawarudi, na hakuna ajuaye sababu. Nimekaa na mnyama huyu tangu ukiwa mtoto, najua anavyokohoa na anavyonuna, na siwezi kumwambia sentensi moja. Ningetaka tu kumwambia amekufa, Kanjo, hakukuacha, nilikuwa na haraka. Namwambia kila siku. Masikio yanageuka kidogo halafu yanarudi langoni.

Huko unakokwenda wazee watakufa mikononi mwako. Sijui sheria zao. Huenda kuna mlango wa nyuma, huenda kuna gari linalokuja kimya na ifikapo saa ya chai kitanda kimetandikwa shuka jipya. Wewe utakuwa mgeni, mweusi, mwenye lugha ya juzi uliyojifunza kwa kuwasomea Kanjo na Shosho maneno ya kukwaruza koo, na hakuna atakayekuuliza maoni. Lakini ukiona kuna mwingine aliyezoea kukaa na huyo aliyekufa, mke, au rafiki wa meza moja, au hata yule waliyekuwa wakigombana naye kila siku, na ukaweza, mpeleke amwone. Ukikatazwa, kaa naye tu umwambie kwa maneno rahisi kwamba mwenzake amekufa. Asiachwe akiangalia kiti kitupu. Na usipoweza hata hilo, usijichukie. Nimejaribu kujichukia na hakujamsaidia Kanjo wala hakujakusaidia wewe.

Sikuombi usiende. Nilitaka kukuomba, usinione hodari. Siku ile ulipoleta barua ya viza nilitoka nje nikapiga kelele za furaha na majirani, halafu nikaja huku nikakaa na Chifu upande wake usioona. Mtoto akiwa mbali akiumwa nitafanya nini? Nitashika simu. Ukionewa, nitashika simu. Mimi ni mtu wa kamba na ndoo, na huko hakuna kamba yangu inayofika. Hilo nalijua na sina dawa yake, wala sikuandikii ili unipe.

Nakuomba jambo moja. Jioni hii narudi nyumbani. Nimemwambia Otieno alale huku, ampe Kanjo maji kila akiamka, na asimwondoe langoni kwa nguvu. Alinishangaa. Akaniuliza itakuwaje akifa nisipokuwepo, nami nikamwambia basi atakuwa amekufa, mimi kesho nina mtu wa kusindikiza. Ni kweli ninaogopa kumwacha. Lakini zamani kulikuwa na mtihani, wiki iliyopita kulikuwa na vijana wawili langoni, na kila mara nimekuwa na sababu nzuri.

Kwa hiyo gari likija, usishike viatu mkononi. Usinifunike blanketi ukaenda. Njoo uniamshe, hata kama nitajifanya nimelala, kwa maana naweza kujifanya, najijua. Niguse begani. Nitalia, na wewe utalia, shangazi yako atapiga kelele zaidi yetu sote, na dereva atatungoja. Mwache angoje. Nishike mkono unitoe mpaka nje kwenye ile ngazi, uingie garini nikikuangalia, ushushe kioo nione uso wako, na uniambie kwa mdomo wako kwamba unaenda. Halafu ondokeni.

Nataka niangalie gari mpaka likate kona. Nikishakuona ukienda nitajua umeenda, na nitaweza kuingia ndani nikanywa chai.

Baba yako, anayekuja nyumbani sasa hivi